Juu ya Reli Ndogo na Reli Kubwa

Yapo mapenzi ambayo watu huyaheshimu bila ya kuyachungua, kama mapenzi ya mashairi au ya farasi; na yapo mengine ambayo huchekwa kabla hayajasikilizwa. Katika haya ya pili hapana budi kuhesabu mapenzi ya mtu mzima, mwenye kazi na watoto, ambaye jioni hushuka katika chumba cha chini ya nyumba yake akaendesha treni yenye urefu wa mkono wake juu ya meza. Jirani humwona kuwa hajakua. Mkewe, akiwa mpole, humwita mtoto; asipokuwa mpole, humhesabia fedha. Swali langu si kama mtu huyu anastarehe, maana kustarehe kwake kunaonekana wazi. Swali ni kama mapenzi yake yana haki: kama mtu aweza kukipenda kitu kwa kukifanya kidogo, na kama kwa kufanya hivyo hukikaribia kitu kile au hukikimbia.

Lugha yetu yatupa msaada hapa. Neno mfano lina maana tatu ambazo si rahisi kuzitenga. Mfano ni kitu kilichofanana na kingine; mfano ni hadithi fupi isimuliwayo ili jambo jingine lieleweke; na mfano ni mwenendo unaostahili kufuatwa. Yote yametoka katika shina moja, fana, lililotupa pia kufanana na kufananisha. Mbali na neno hilo limesimama jingine, sanamu, lililotujia kutoka Kiarabu, na ambalo huko lilikotoka lilikuwa jina la kitu cha kuabudiwa. (Siwalaumu wachongaji, katika Kiswahili cha leo sanamu ni umbo la kuchonga tu, wala halina dhambi.) Lakini tofauti ya asili yafaa kukumbukwa. Mfano huelekeza macho kwenye jambo lililo nje yake. Sanamu huyazuia macho pale pale ilipo. Reli ya mezani yaweza kuwa mfano na yaweza kuwa sanamu, wala kwa kuitazama tu huwezi kujua ni ipi.

Mapenzi haya si mageni. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha reli zake za kuchezea zenye vipimo maalumu katika maonyesho ya Leipzig mwaka 1891. Nchini Marekani wapenzi wake walikuwa wengi hata wakaunda chama chao cha taifa huko Milwaukee mwaka 1935. Mchezo wa watoto wa matajiri ukawa kazi ya jioni ya mafundi, makarani na madaktari, na kadiri miaka ilivyopita walidai kitu kimoja zaidi ya vyote: usahihi. Ribiti zihesabiwe. Rangi ilingane. Mataruma yapangwe kwa nafasi ile ile.

Tuchukue njia moja ya kweli, ili tusizungumze hewani. Iko reli itokayo Chicago kuelekea Aurora, upande wa magharibi, yenye urefu wa kilometa 61 hivi, ambayo kazi yake kubwa ni kuwaingiza watu mjini asubuhi na kuwarudisha makwao jioni. Mwaka 1950 kampuni iliyoimiliki, Chicago, Burlington and Quincy, ilianza kutumia humo mabehewa ya ghorofa yaliyotengenezwa na kiwanda cha Budd kwa chuma cha pua kisichoshika kutu. Ghorofa ya juu haikuwa sakafu kamili bali roshani mbili nyembamba, moja kila upande, zenye viti vya mtu mmoja mmoja. Katikati paliachwa wazi. Sababu yake yanipendeza kila niifikiripo: mkaguzi wa tiketi aliweza kutembea chini, akanyoosha mkono na kupokea tiketi za waliokaa juu, asipande ngazi. Behewa moja likabeba karibu watu 150, na umbo zima la gari likawa limeamuliwa na urefu wa mkono wa mtumishi.

Sasa mpenzi wa reli ndogo ataka kuijenga njia hii. Kwa kipimo kiitwacho HO, kilichoenea sana, kila kitu hugawanywa kwa 87. Upana wa njia, ambao ni milimita 1,435, huwa milimita 16.5. Behewa la mita 26 huwa sentimeta 30. Mtu mwenye kimo cha mita 1.75 huwa sentimeta 2. Hesabu ni tamu mpaka hapa. Lakini gawanya safari yenyewe: kilometa 61 kwa 87 ni mita 700, na hapana nyumba ya mwalimu wala ya daktari itakayozienea. Basi stesheni zaidi ya 20 hupunguzwa zikawa tatu au nne. Kona ambayo reli kuu huipinda taratibu, kwa duara la mamia ya mita, yeye huipinda katika sentimeta 60, ambazo kwa ukubwa wa kweli ni mita 52 tu, mahali ambapo treni halisi isingethubutu kupita kwa mwendo wake. Na wakati ni mkaidi kuliko mahali. Dakika haikubali kugawanywa kwa 87. Vilabu vingi hutumia saa iliyorekebishwa ikimbie mara kadhaa kupita saa ya ukutani, ili safari ya hatua kumi ionekane kuwa imechukua muda wa kuheshimika.

Kwa hiyo mtu ahesabuye ribiti kwa uaminifu mkubwa hana uaminifu katika mambo mawili makuu ambayo reli iliumbwa kuyashinda, yaani umbali na wakati. Je, ni mwongo? Sidhani. Uongo hutaka mtu wa kudanganywa, na katika chumba kile hakuna hata mmoja. Lililo kweli ni kuwa yeye huchagua, na pale mtu achaguapo ndipo maadili yaanzapo. Asiyeweza kuweka vyote huonyesha moyo wake kwa vile alivyoviacha.

Frank Ellison, mmoja wa waliofikiri sana juu ya sanaa hii, aliandika mwaka 1944 katika jarida la Model Railroader kuwa reli ya mezani ni kama jukwaa la mchezo wa kuigiza: treni ni wachezaji, na ratiba ni kisa chenyewe. Nakubali nusu ya maneno haya. Ni kweli kuwa pana jukwaa na pana kisa. Lakini mchezo wa kuigiza una watu, na hapa watu ndio walio dhaifu kuliko vyote. Wamenunuliwa kwa pakiti, wamepakwa rangi, wamegandishwa miguu kwa gundi juu ya stesheni. Treni huja, husimama, huondoka. Wao wangali wakingoja. Kila kilichojengwa kwa ajili yao chaenda, ila wao.

Msafiri wa kweli wa Aurora angeweza kucheka hapa na kusema kuwa ndivyo ilivyo hata kwa ukubwa wake. Yeye hana mapenzi na treni. Akienda mjini siku tano kila juma kwa miaka thelathini, huipita njia ile zaidi ya mara elfu kumi, na huenda asijue behewa lake lilitengenezwa na nani wala kwa nini katikati pako wazi. Hulala, husoma gazeti, huitazama saa. Wakati huo huo, mwishoni mwa jukwaa la stesheni, husimama mtu mwingine mwenye daftari na kamera, asiye na safari yoyote, akingoja kuona injini yenye namba fulani. Nani kati ya hawa anaijua treni? Wengi wangejibu upesi kuwa ni wa kwanza, maana yeye huitumia. Mimi nasita. Matumizi hutufanya tukione kitu kinapokosekana tu: treni ikichelewa, msafiri huiona. Ikifika kwa wakati, haipo. Yule mwenye daftari huiona hata inapokuwa haina kosa, na kazi nzuri ifanyikayo bila ya kosa, siku baada ya siku, na watumishi ambao hakuna awashukuruye, yastahili walau shahidi mmoja. Watoto wetu wanaotengeneza magari ya waya kwa kuyatazama malori yapitayo barabarani huwa mashahidi wa namna hiyo. Hujua idadi ya magurudumu kuliko abiria aliyekaa juu yake.

Nisemapo shahidi sitaki nimpambe kupita kiasi. Shahidi huyu ana uhuru ambao msafiri hana: aweza kurudi nyumbani achokapo. Mapenzi ya kitu ambacho hakiwezi kutukosea ni mapenzi rahisi.

Hata hivyo pana jambo katika mchezo huu ambalo hunishangaza. Mtu aliye huru, siku yake ya mapumziko, angeweza kuzungusha treni yake apendavyo. Lakini wengi, wakisha kujenga, hukusanyana wakajifunga kwa sheria. Mmoja huwa mwelekezaji wa treni, naye hukaa chumba kingine asione meza. Wengine huwa madereva, na hakuna awezaye kuondoka stesheni bila ya amri yake. Husubiri katika njia ya pembeni mpaka treni ya mwenzao ipite. Akichelewa mmoja, wote huumia. Nimesikia watu wakisema kuwa huu ni upuuzi wa kutafuta kazi baada ya kazi. Mimi naona ni kinyume. Ofisini mtu hutii kwa kuwa ana mshahara na hofu; hapa hutii kwa kuwa amependa kazi ya wote itimie. Ratiba ni ile ile, kungoja ni kule kule. Kilichobadilika ni nia. Kama utii wa namna hii wawezekana juu ya meza, basi hatuwezi tena kusema kuwa binadamu kwa asili huchukia nidhamu. Pengine huchukia nidhamu asiyoulizwa.

Nikifika hapa ningeweza kuisifu reli ndogo nikaweka kalamu chini, lakini pana jambo lililo gumu zaidi. Mwaka 1892 Homer Plessy alikaa katika behewa la Wazungu huko Louisiana, akakamatwa. Na mwaka 1896 mahakama kuu ya Marekani ikaamua kuwa kuwatenga watu weusi si kinyume cha katiba. Kwa zaidi ya nusu karne baadaye mabehewa mengi ya kusini yaligawanywa kwa kiambaza, upande mmoja weupe na upande wa pili weusi. Behewa moja la namna hiyo, namba 1200 la Southern Railway, liliinuliwa kwa winchi mwaka 2013 likaingizwa katika jumba la makumbusho ya Wamarekani weusi mjini Washington kabla jengo halijakamilika, kwa kuwa baadaye lisingepita mlangoni. Jumba likafunguliwa mwaka 2016. Mtazamaji hupita ndani akaona kwa macho yake pale kiambaza kilipo, na vyoo vya upande wa weusi vilivyo vidogo zaidi.

Sasa mfikirie mpenzi wa reli ndogo ajengaye njia ya kusini kama ilivyokuwa mwaka 1940. Amehesabu ribiti. Ametafuta rangi halisi ya kijani. Je, ataweka kiambaza?

Akijibu kuwa ameshuka chumbani kupumzika wala hakutaka kukumbuka uovu wa babu zake, sitamkejeli. Kupumzika ni haki. John Allen wa Monterey, California, aliyesifiwa sana kwa reli yake ndogo ya milima mirefu, alikuwa akisogeza mabehewa yake kwa mnyama wa kale wa mfano wa mjusi mkubwa, na hakuna aliyemdai historia. (Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye reli yake ikaungua, mfano nao una ajali zake.) Lakini Allen hakuapa kuwa nchi yake ilipata kuwako. Yule wa ribiti ameapa. Hatumpimi kwa kipimo chetu, twampima kwa 87 yake mwenyewe. Mkono uliokuwa na subira ya kubandika vishikio vya mlango vyenye unene wa unywele hauwezi kusema kuwa kiambaza kilikuwa kidogo mno kuonekana. Akikiacha, reli yake imekuwa sanamu: macho yamezuiwa.

Na akikiweka? Hapo ndipo taabu ya kweli. Kwa kuwa atakuwa ameweka pia watu, atawatoa katika pakiti, atawapaka rangi, atawagandisha nyuma ya kiambaza kwa gundi, kila mtu mahali pake. Katika jumba la Washington hapana mtu aliyekalishwa tena upande ule. Juu ya meza watakalishwa, na atakayewakalisha ni yeye, kwa mkono wake, jioni, kwa starehe. Atakuwa amesema kweli kwa kulitenda tena lile alilolisema.

Nimelipima jambo hili pande zote, na shauri langu ni hili. Behewa liwe na kiambaza, na vyoo viwe vidogo kama vilivyokuwa, na lipangwe katika treni pale lilipopangwa na kampuni. Lakini viti viachwe vitupu pande zote mbili. Wajuzi watalalamika kuwa behewa tupu si sahihi, na watakuwa wamesema kweli. Kisha siku moja mtoto wa nyumba atainama, jicho usawa wa dirisha, na kuuliza kwa nini gari hili limekatwa katikati. Naye mwenye reli atalazimika kuizima mashine, kwa kuwa jibu lake ni refu kuliko mzunguko mmoja wa meza.