Haki ya Ndugu Mkononi mwa Mgeni

Wahenga walituachia usia huu: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; wakipatana, chukua kapu ukavune. Kwa kawaida huambiwa mtu wa nje, asije akajitia katika mambo yasiyomhusu. Lakini usia huu una upande wa pili, nao wawahusu ndugu wenyewe. Je, ni halali kwa ndugu aliyenyimwa haki yake kumwita mtu wa nje na kumwambia, "Njoo uniamulie"? Na akimwita, mavuno yatakuwa ya nani?

Swali hili si la wafalme peke yao. Lazuka kila palipo na shamba, nyumba au duka la kurithiwa. Lakini mambo ya jamaa wakubwa huonekana toka mbali, kama mti ulio juu ya kilima. Basi na tuwatazame jamaa ambao habari zao zimeandikwa, yaani watoto wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja.

Sayyid Said alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, akisafiri kutoka Maskati kuja Unguja. Aliacha watoto 36 wa mama mbalimbali, na milki yenye pande mbili zilizotengwa na bahari. Utajiri ulikuwa upande wa Unguja: karafuu, pembe za ndovu na ushuru wa forodha. Haifai kunyamaza kwamba karafuu hizo zilipandwa na kuchumwa na watumwa, na kwamba wanadamu waliuzwa sokoni kama bidhaa. Katika ugomvi wote tutakaoueleza, ndugu hao waliulizana juu ya fungu la kila mmoja. Hatusikii wakiulizana kama mali yenyewe ilipatikana kwa haki.

Mzee alikuwa amemweka Thuwaini atawale Maskati, na Majid atawale Unguja. Lakini kumweka mtoto kazini si sawa na kumrithisha, wala kwao hapakuwa na desturi iliyomhakikishia mwana mkubwa kiti cha baba. Kwa hiyo kila mmoja alibaki na hoja yake. Thuwaini alikuwa mkubwa kwa umri. Majid alikuwa tayari amekikalia kiti. Barghash, mdogo wao, alikuwa merikebuni pamoja na baba saa ya kufa kwake, naye alijiona kuwa hodari kuliko Majid, ambaye afya yake ilikuwa dhaifu. Msomaji ataona kwamba kila hoja ilikuwa na sehemu yake ya ukweli. Ndivyo ulivyo ugomvi mzito wa ndugu: mara nyingi si haki kupigana na uongo, bali ni haki kupigana na haki.

Mwaka 1859 Thuwaini alitweka merikebu kwenda kumshambulia Majid, na Waingereza wakazirudisha njiani. Mwaka huo huo Barghash alifanya njama ya kumpindua kaka yake. Dada yao Salme, msichana wa miaka kama 15, aliyejifundisha kuandika kwa siri, akafanywa karani wa njama. Majid alikuwa amemtendea wema tangu utoto, lakini dada aliyempenda mno, Khole, alikuwa upande wa Barghash, naye akamfuata. Majid akaomba msaada wa Waingereza. Njama ikavunjwa, Barghash akapelekwa Bombay. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Bara Hindi kwa niaba ya Malkia wa Uingereza, akatoa hukumu: Unguja iwe ya Majid, Maskati ya Thuwaini, na Unguja ilipe Maskati riali 40,000 kila mwaka.

Hatuwezi kuidharau hukumu hiyo, kwa maana ilizuia damu isimwagike baina ya ndugu. Lakini tangu siku ile milki moja ya baba ikawa mbili, na mwenye kuushika mpaka wake akawa ni mtu wa tatu. Thuwaini mwenyewe hakufaidi sana, kwani mwaka 1866 aliuawa na mwanawe, Salim, aliyetaka kiti.

Majid, kwa upande wake, alifanya jambo la kusifiwa. Baada ya miaka kama miwili Barghash aliruhusiwa kurudi Unguja, naye Majid alipofariki mwaka 1870, Barghash akashika utawala bila vita. Majid alimsamehe pia Salme. Huo ndio wakati mmoja katika habari hizi ambapo ndugu walimaliza neno lao wenyewe kwa wenyewe, tena haukugharimu hata riali moja.

Lakini aliyesamehewa hakusamehe. Salme aliondoka Unguja mwaka 1866 kwa merikebu ya Waingereza, na mwaka 1867 huko Aden alibatizwa na kuolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akimwachia watoto watatu wadogo. Barghash alipozuru London mwaka 1875, dada yake alisafiri kwenda huko akitumaini kupatana naye. Waingereza, waliokuwa na shughuli zao na Sultani, wakamshawishi asimwone. Hatimaye mwaka 1885 akarudi Unguja, lakini safari hii alikuja pamoja na manowari za Ujerumani. Aliomba fungu lake katika mirathi. Barghash akakataa hata kumwona.

Hapo ndipo penye fumbo letu. Mjane mwenye watoto watatu alikuwa na sababu ya kuomba. Barghash naye alikuwa na sababu ya kukataa: kwa sheria ya dini yake, aliyetoka katika Uislamu hamrithi Mwislamu, tena mwaka ule ule Wajerumani walikuwa wakimnyang'anya nchi za bara, na dada alikuja kwa merikebu zao. Hata kama moyo wake ungalilainika, angaliwezaje kufungua mlango ulioelekezewa mizinga? Na Ujerumani ilipopata ilichokitaka bara, dai la Salme likaachwa. Dai lililokuwa na uzito likawa silaha ya mwingine, kisha likatupwa kama jembe lililokwisha makali.

Mwisho wake twaujua. Mwaka 1890 Unguja iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka 1893 Waingereza walimkalisha Hamad bin Thuwaini katika kiti ambacho baba yake alikikosa. Alipofariki mwaka 1896, Khalid bin Barghash aliingia katika jumba bila idhini yao, na tarehe 27 Agosti manowari zikalipiga jumba hilo kwa muda usiofika saa moja, mpaka akakimbia. Zamani mgeni aliitwa kuamua mpaka. Sasa alichagua mrithi mwenyewe. Aliufuata usia wa wahenga, akalima. Ila alilima ndani ya ua wa ndugu.

Je, twasema kwamba aliyedhulumiwa anyamaze? Sivyo hata kidogo. Wajane na mabinti wengi wangepoteza kila kitu kama wasingekwenda barazani. Mahakama ya nchi si mgeni. Imewekwa kwa ajili ya mnyonge. Mgeni tunayemsema ni yule ambaye hukumu yake humletea faida: mkopeshaji atakaye shamba, jirani atakaye mpaka, rafiki atakaye ukubwa. Kabla ya kumpa mtu neno la nyumba yetu, yatupasa tujiulize: atapata nini ndugu wakiendelea kugombana? Tukiona atapata, basi tusimpe, hata kama haki ni yetu. Haki ikidaiwa kwa mkono wake, anayedai hataipata, na anayedaiwa hataweza kuitoa.

Wazazi nao wana sehemu yao. Baba anayewapa watoto kazi bila kuwaambia urithi huwaachia kila mmoja nusu ya neno, na kila mmoja huimaliza nusu ile apendavyo. Heri aseme mchana, mbele ya mkewe, watoto wote na mashahidi, na maneno yaandikwe.

Salme alifariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Husimuliwa kwamba alikuwa ametunza mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, akazikwa nao. Yeyote aliye na ndugu nje ya mlango wake, na amwendee mapema, kabla mtu mwingine hajajitolea kuwapatanisha kwa faida yake.