Mifupa ya Mbuta

Mwaka juzi nililipwa kuandika insha kuhusu uchumi wa Duluth, mji wa Marekani ulio kwenye ncha ya Ziwa Superior. Kurasa nne, mwisho saa kumi na mbili asubuhi. Mteja alikuwa mwanafunzi wa huko ambaye jina lake sitawahi kulijua. Mimi nilikuwa Obunga, Kisumu, nimeshaacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, naomba Mungu stima isipotee.

Usiku ule nilijua mengi. Kwamba madini ya chuma huchimbwa kwenye vilima vya Minnesota, huteremshwa kwa reli hadi bandarini, hupakiwa melini na kwenda kuyeyushwa mbali. Kwamba kwa ukubwa wa eneo, ziwa lao ndilo la kwanza duniani kati ya yale ya maji baridi, na letu ndilo la pili. Nikacheka peke yangu. Ziwa, reli, bandari, mali inayoondoka: ningebadilisha majina tu, ingekuwa insha ya Kisumu. Lakini hakuna aliyewahi kuniagiza ya Kisumu, basi hii ni ya bure.

Reli ilifika hapa 1901, wakati pakiitwa Port Florence. Viwanda vilikuja, vingine vikaenda. Kicomi, kile cha nguo za pamba, kilifungwa zamani. Kiwanda cha sukari cha Miwani, kilichoanza 1922, nacho kilinyamaza. Ukikaa na wazee wa mji huu watakuhesabia viwanda kama wanaotaja marehemu.

Samaki ndio waliobaki, na hapo ndipo penye maneno. Mbuta si wa hapa. Aliingizwa ziwani enzi za mkoloni, akala samaki wa kienyeji, akanenepa. Kufikia miaka ya 1980 viwanda vya minofu vilikuwa vinajengwa kwa ajili ya soko la ng'ambo. Minofu hugandishwa na kusafirishwa. Bondo, ule mfuko wa hewa tumboni mwake, hukaushwa likaenda China, na kwa kilo lina bei kuliko nyama yenyewe. Kinachobaki ni kichwa, uti na mkia. Tunaita mgongowazi, na ndio unaokuja Obunga.

Mama yangu amekaanga mgongowazi tangu nikiwa mdogo. Anatoka kabla hakujapambazuka kwenda kuupigania, maana siku hizi hata watengenezaji wa chakula cha kuku wanautaka. Anauosha, anautia chumvi, anauanika, kisha jioni anaudumbukiza kwenye mafuta yanayochemka na moshi unatuingia hadi kwenye blanketi. Karo ya mihula minne ilitoka kwenye karai hilo.

Nilipokuwa chuo nilirudi likizo nikiwa na hasira za vitabu. Nikamwambia tumeibiwa, kwamba mtu anayekula mifupa ya ziwa lake huku nyama ikipanda ndege amedhulumiwa. Bado naamini hivyo. Yeye akageuza samaki akasema, "Nyathina, hayo ni kweli. Lakini mimi siuzi mfupa nikasema ni nyama."

Sikulielewa neno hilo mpaka nilipoanza hii kazi yangu. Rafiki yangu mmoja, naye mwandishi wa hivi hivi, husema fundi cherehani hashoni jina lake kwenye suti ya mteja, sasa tatizo liko wapi? Liko hapa: suti ni suti hata aishone nani, lakini insha ya chuo inapewa maksi kwa sababu inaaminika yule kijana ndiye aliyefikiri. Bila uongo huo haina bei. Na nikisema ukweli wote, kinachoniuma si hata udanganyifu wenyewe. Ni kwamba kuna mtu ana digrii yenye minofu yangu ndani, nami nina mgongowazi.

Njaa ni utetezi, sikatai. Pale Kibuye wako wanaouza tilapia waliogandishwa kutoka China. Nilimsikia mteja akiuliza, "Huyu ni wa ziwa?" Muuzaji akajibu, "Wa ziwa, kabisa." Baadaye akanikonyeza: kwani China hakuna maziwa? Nilicheka sana, na nilimwelewa, ana watoto. Ila yule mteja alilipa bei ya ngege wa Dunga, naye pia labda ana watoto.

Akaunti yangu haijafungwa. Jana usiku imeingia kazi nyingine: kurasa sita, mji wa Toledo, Ohio, na viwanda vyake vya vioo. Sijaikubali, sijaikataa. Mama yuko nje anageuza mgongowazi juani, na amenituma mafuta ya kupikia.