Uaminifu Mbele ya Mashine

Mgonjwa wa sukari anapopewa metformini dirishani haulizi nani aliipima. Anameza baada ya chakula na kuendelea na shughuli zake. Amani hiyo ya moyo ameiweka mikononi mwa watu asiowajua.

Kiwanda kinapotaka kuuza metformini ya bei nafuu, watu wenye afya waliojitolea humeza vidonge, kisha hutolewa damu mara kadhaa kwa saa nyingi, ili ionekane kama dawa inaingia damuni ipasavyo. Damu huzungushwa kwenye mashine hadi seli zitue chini, na plazma ya manjano ibaki juu. Protini hugandishwa kwa asetonitraili. Maji maangavu yanayobaki husukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya mrija wa chuma uliojaa chembe laini, ambamo kila kitu hutoka kwa wakati wake. Kinachotafutwa ni kidogo mno: baada ya kidonge cha miligramu 500, kiwango cha juu huwa kama maikrogramu moja kwa mililita ya plazma.

Kinachonigusa zaidi ni plazma isiyo na dawa kabisa. Nayo hupitishwa kwenye mrija huo, na pale ambapo metformini ingejitokeza, mstari unaochorwa na mashine ya kupimia unatakiwa ulale tambarare. Ukiinuka, mashine inaona kisichokuwepo. Naiheshimu sana kazi ambayo, kabla ya kutangaza ilichokipata, inathibitisha kwamba inaweza kusema "hakuna".

Halafu kuna sampuli za kudhibiti ubora, ambazo kiasi chake cha dawa kinajulikana. Kwa kawaida zinatakiwa zisikosee zaidi ya asilimia 15. Tuseme jioni moja nyingi zimekosea kwa 17. Kwenye kompyuta, mstari ulio chini ya kilele cha dawa unaweza kusogezwa kidogo kwa mkono, na 17 ikawa 14. Mgonjwa hatajua kamwe. Lakini kidonge kisichoingia damuni ipasavyo kitamwacha mama wa watu na sukari iliyopanda, kisha kliniki aambiwe kwamba hafuati masharti ya chakula. Atalaumiwa kwa kosa la mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Huo naona ni udhalimu, hata kama hakuna aliyekusudia kumdhuru.

Ndugu unayekaa mbele ya mashine hizi, kundi la sampuli likifeli, andika kwamba limefeli. Weka sababu na sahihi yako, kisha upime upya kesho.