Chumba Chenye Mtu Ndani



Leo tuongee jambo ambalo sijawahi kusikia mtu akilipeleka kwenye kitubio: kodi ya nyumba.

Wengi wetu tunafanya kazi Dar es Salaam lakini hatulali Dar. Tunalala Kibaha, kama kilomita 40 kutoka katikati ya jiji, kwa sababu kule kodi ni nafuu na hewa inapita. Tangu Barabara ya Morogoro ipanuliwe kati ya Kimara na Kibaha, hata safari siyo ile ya zamani. Asubuhi unapanda daladala Maili Moja, unafika Mbezi kwenye Stendi ya Magufuli, unasogea Kimara, unaunganisha na mwendokasi. Foleni ipo, lakini unafika.

Sasa, Kibaha hatukuikuta tupu. Tulikuta wenyeji, walimu, wauguzi wa Tumbi, akina mama wanaouza vitumbua stendi. Kodi ambayo kwangu mimi mwenye mshahara wa Dar ni nafuu, kwa mama wa vitumbua si nafuu hata kidogo. Na hapo ndipo lilipo swali langu: je, kuna dhambi yoyote kulipa kodi kubwa kuliko anayoiweza mwenzangu?

Nilijiuliza hivyo baada ya jambo lililonipata mimi mwenyewe. Nilikuwa natafuta chumba na sebule. Dalali alinizungusha siku tatu bila mafanikio, siku ya nne akapiga simu. "Kaka, kimepatikana. Laki na nusu kwa mwezi, unalipa miezi sita. Na changu cha mwezi mmoja unakijua."

Nilipofika nilikuta sare za shule zimeanikwa kwenye kamba na sufuria ya maharage iko kwenye jiko la mkaa. Mama mmoja alikuwa barazani anachambua mchele. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu," akanijibu, akaendelea na mchele wake. Hakujua nimefuata nini.

Nikamvuta dalali pembeni. "Hapa si kuna mtu?"

"Yule anatoka. Analipa elfu themanini toka enzi hizo, tena mwezi kwa mwezi. Mwenye nyumba kachoka. Wewe lete hela, mengine niachie mimi."

Mengine niachie mimi. Kiukweli neno hilo ndilo lililonizuia, kwa sababu niliwahi kulisoma mahali. Liko kwenye Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi. Angalia vizuri alivyoanza: alikuja na ofa. Alisema atampa shamba lingine bora zaidi, au thamani yake kwa fedha. Kwa hesabu za dalali, Ahabu alikuwa mteja mzuri sana. Nabothi alipokataa, mfalme alirudi nyumbani akajilaza kitandani, akagoma kula. Ndipo mkewe Yezebeli alipomwambia ainuke, ale, shamba atampatia yeye. Ahabu hakuuliza atalipataje. Nabothi alipouawa, Ahabu akashuka kwenda kulichukua, na huko huko shambani nabii Elia akamkuta na kumhesabia damu ile.

Najua utasema: Nabothi alikuwa mwenye shamba, yule mama ni mpangaji tu. Ni kweli. Mwenye nyumba ana haki ya kupandisha kodi, na mama hana hati ya chumba kile. Wala sitaki kumfanya kila mwenye nyumba awe Yezebeli. Wengi wao ni wazee waliojenga vyumba vitatu vinne kwa kiinua mgongo, na kodi hiyo ndiyo dawa yao na chakula chao. Lakini mfano wa Ahabu unatufundisha jambo lililo pana kuliko hati. Unatufundisha kwamba mtu anaweza kufaidika na ubaya bila kunyanyua mkono, mradi tu asiulize.

Kanisa nalo linatupa kipimo. Katekisimu, namba 2402 na 2403, inafundisha kwamba kumiliki mali ni haki halali, ila haki hiyo haifuti ukweli kwamba Mungu aliikusudia dunia kwa ajili ya watu wote. Maana yake mshahara wangu ni wangu kweli, niliutolea jasho. Lakini haunipi ruhusa ya kuutumia kana kwamba wengine hawapo. Ninapoweka laki na nusu mezani juu ya elfu themanini ya mama, sijaiba. Ila nimekuwa sababu ya watoto wake kufungasha.

Nikamwambia dalali sikitaki. Akacheka. "Usipochukua wewe atachukua mwingine."

Hapo alisema ukweli, na sentensi hiyo inatutesa vijana wengi, hata kwenye mambo ya rushwa kazini. Jibu langu ni hili: siku ya hukumu sitaulizwa mwingine alifanya nini. Ubaya haupungui uzito kwa sababu kuna foleni ya watu walio tayari kuufanya.

Basi nikaondoka zangu, najiona nimeshinda jaribu. Nikapata chumba kingine ndani ndani, dakika ishirini kwa bodaboda kutoka barabara kubwa. Niliridhika na nafsi yangu.

Baada ya miezi miwili, kwenye Jumuiya, mwenyekiti akatangaza kwamba kuna familia imehamia Mlandizi ghafla, mtoto wao yuko darasa la saba na sasa anaamka saa kumi usiku kuwahi shule. Nikaelewa ni nani. Kisha nikasikia kilichonichoma zaidi: mwenye nyumba ni Mkatoliki, mstaafu, wa Jumuiya ya jirani, na alikuwa anatafuta fedha ya matibabu. Hakuna aliyekwenda kukaa naye. Huenda angekubali laki moja. Huenda angempa mama miezi mitatu, mtoto amalize mtihani. Hatutajua, kwa sababu mimi niliyejua mapema nilinyamaza.

Nilijitahidi nisiwe Ahabu, nikawa Pilato. Nilinawa mikono, na mikono yangu ikawa safi kweli, lakini mama alihama vilevile. Ndugu yangu, kukataa ubaya ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumtafuta mwenzako aliye hatarini na kumfungulia mdomo.

Kwa hiyo unapotafuta nyumba, uliza: nani anaishi humu sasa, na anakwenda wapi? Ukisikia anatolewa ili wewe uingie, usiishie kukataa. Peleka habari kwenye Jumuiya. Wazee wetu wanajua kuketi na watu wawili wakapatana, mwenye nyumba asipunjwe na mpangaji asitupwe nje. Na kama wewe ndiye mwenye nyumba, au baba yako ndiye, kumbuka kumpa mtu muda wa kujipanga hakukufilisi.

Mtume Paulo naye alikuwa mpangaji. Matendo ya Mitume inaishia na yeye Roma, akikaa miaka miwili mizima katika nyumba aliyoipanga, akiwapokea wote waliomjia. Chumba cha kupanga kikawa mahali pa kukaribisha watu. Natamani na changu kiwe hivyo.

Tafakari wiki hii: chumba unacholala leo kilikuwa cha nani kabla yako? Yuko wapi sasa?

Tusali. Ee Yesu, uliyezaliwa pasipo na nafasi nyumba ya wageni, tufundishe kutafuta makao bila kumfukuza mwenzetu, na utupe ujasiri wa kusema tunapokuwa tumeona. Amina.