Heshima Inayolemaza

Mtoto anaposimama dede, nyumba nzima hupiga makofi. Akianguka, twamwambia, "Inuka, baba!" Mzee akinyanyuka kitini huku akitetemeka, sote twamkimbilia: "Tulia, mzee, usijisumbue." Maji ataletewa, viatu atavishwa. Hiyo twaiita heshima. Je, ni heshima kweli?

Mwili haujui heshima, unajua kazi. Mtoto hupata kutembea baada ya kuanguka mara nyingi, kwa kawaida kati ya miezi 8 na 18. Msuli usiotumika hunywea, na wa mzee hunywea upesi zaidi. Lakini uzee hauuzuii kupata nguvu tena. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walitoa habari za wazee 10 dhaifu, wa miaka 86 hadi 96, walioanza mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu. Baada ya majuma 8, nguvu za waliomaliza zilikuwa zimeongezeka, kwa wastani, zaidi ya maradufu. Wawili waliacha mikongojo.

Ni kweli, mzee akianguka aweza kuvunjika nyonga, na mtoto haanguki kutoka mbali. Woga wetu una sababu. Ila dawa yake si kumfunga mzee kitini; ni kusimama kando yake, mkono tayari, na kungoja. Kungoja ndiko kugumu, maana mara nyingi twamsaidia mzee ili sisi tusichelewe. Wajibu wetu kwa wote wawili ni mmoja: kumwachia kila mtu ile kazi anayoiweza mwenyewe.