Vijana na Watoto Walio Hospitalini
(Marko 5:21–43)



Katika sharika zetu wako vijana walioanza kazi njema. Huchanga fedha, hushona wanasesere wa vitambaa, kisha huenda hospitali kuwatuliza watoto wagonjwa. Hawakutumwa na wazee. Wao wenyewe waliona haja wakaanza. Twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini kazi njema ifanywayo pasipo kufikiri yaweza kumwumiza yule yule aliyekusudiwa kufarijiwa. Basi na tumtazame Bwana wetu jinsi alivyoingia nyumbani mwa Yairo, ambaye binti yake wa miaka 12 alikuwa taabani.

Kwanza, aliingia na wachache. Njiani makutano walimsonga, lakini nyumbani aliwachukua Petro, Yakobo na Yohana tu, na wenye kupiga makelele akawatoa nje. Chumba cha watoto wagonjwa si uwanja wa sikukuu. Huyu ameungua kwa maji ya moto. Yule mguu wake umevunjika, amelala majuma mengi. Mwingine anapewa dawa kali za saratani, na mwili wake hauna nguvu ya kushindana hata na mafua. Kwa hiyo vijana waende watatu au wanne, waombe ruhusa kwa mkuu wa wauguzi, wanawe mikono kwa sabuni. Naye anayekohoa abaki nyumbani. Akibaki, amewahudumia watoto kuliko kama angalikwenda.

Pili, aliwachukua baba na mama wa mtoto. Neno hili wenye elimu walichelewa kulifahamu. Zamani katika hospitali nyingi za Uingereza wazazi waliruhusiwa kuwaona watoto wao saa chache tu, na mtoto aliponyamaza, watu walidhani ametulia. Mwaka 1952 James Robertson alionyesha picha ya sinema ya mtoto wa miaka miwili aliyekaa hospitalini siku 8. Hakulia sana, lakini uso wake ulijaa huzuni. Mwaka 1959 kamati iliyoongozwa na Harry Platt ikaishauri serikali ya nchi ile kwamba wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao wakati wowote ufaao, na mama wa mtoto mdogo apate nafasi ya kulala karibu naye. Basi tusidanganyike: kimya cha mtoto si faraja.

Huku kwetu mara nyingi mama hukaa na mtoto wake kitandani. Huyo ndiye mfariji wa kwanza, na kijana asimwondoe mahali pake. Amsalimu yeye kwanza, amwulize haja yake. Labda tangu jana hakuoga wala hakula. Ukikaa na mtoto wake nusu saa, apate kuoga na kufua nguo, umewafariji wote wawili. Tena hospitali kubwa kama KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, na Haydom, iliyoanza mwaka 1955, hupokea wagonjwa watokao mbali. Mama wa namna hiyo hana ndugu wa kumletea hata ndoo ya maji. Wewe uwe ndugu yake.

Tatu, alimshika mtoto mkono, akasema naye mwenyewe. Hakusema juu yake kana kwamba hasikii. Vivyo hivyo kijana amwite mtoto kwa jina lake, amwulize kama apenda hadithi au mchezo; naye akikataa, asimlazimishe. Asimwambie kwamba sindano haiumi, maana itauma, na mtoto aliyedanganywa leo hatamwamini mtu kesho. Wala asimwahidi kupona, maana jambo hilo li mkononi mwa Mungu.

Nne, Bwana aliwaagiza sana watu wasiitangaze habari ile. Siku hizi kijana huingia na simu mkononi, akajipiga picha kando ya kitanda, na kabla ya jioni uso wa mtoto mgonjwa umeonekana na watu wasiohesabika. Je! alikwenda kumtazama mtoto, au kutazamwa? Simu na zikae mfukoni. Mungu aonaye sirini hana haja ya picha.

Tano, aliamuru mtoto apewe chakula. Muujiza ulikwisha kutendeka, wala hakuisahau njaa yake. Basi faraja yetu nayo iwe na mikono. Lakini waulizeni wauguzi kwanza, kwa kuwa mtoto angojaye kupasuliwa hapewi kitu.

Zaidi ya hayo yote, ndugu zangu, Bwana alikubali kwenda, akakawia njiani, hata habari ya mauti ikaja. Walakini hakugeuka, alifika. Mtoto mgonjwa huhesabu siku. Ukimwambia kwamba utarudi Jumamosi, atautazama mlango Jumamosi. Ni afadhali vijana watatu wanaorudi kila juma la pili kuliko sitini wanaokuja Krismasi na nyimbo na peremende, kisha wasionekane tena mwaka mzima.

Tena yawezekana mtarudi mkakikuta kitanda kitupu, na mtoto hakwenda nyumbani. Binti Yairo aliinuka. Hapa petu si wote wanaoinuka, wala hatukupewa kujua sababu. Siku hiyo vijana watalia, na wengine watataka kuiacha kazi. Enyi waalimu na wazee wa kanisa, msiwaache peke yao. Ketini nao, ombeni nao, nendeni pamoja nao kwa wazazi waliofiwa. Wala msiwaambie kwamba safari zao zilikuwa bure. Mtoto yule alipokuwa na maumivu, mtu alikuja, akamwita kwa jina, akarudi kama alivyosema.

Yeye aliyemshika binti Yairo mkono ndiye atakayewainua watoto wote walalao ndani yake, siku ya mwisho. Kwa tumaini hilo, vijana, naweni mikono, mkaingie. Bwana awe pamoja nanyi. Amina.