Uzima, uzazi na vumbi la kobalti

Mwili unaihitaji kobalti, kwani imo ndani ya vitamini B12, lakini kwa kiasi kidogo mno. Vumbi lake likivutwa kwa miaka huweza kuleta pumu na makovu ya mapafu. Ikizidi mwilini huvuruga tezi ya shingo, hata ikavimba rovu, na kudhoofisha misuli ya moyo. Mchimbaji aliyeangukiwa na kifusi anajua kilichomuumiza. Aliyevuta vumbi huenda akaanza kuhema akiwa amekwisha kustaafu.

Kuchelewa huko ndiko kunakolizaa swali la maadili. Mfano ni Panda, mojawapo ya komuni nne za mji wa Likasi huko Katanga, Kongo. Ilikua pamoja na viwanda vya kampuni ya madini ya Union Minière, ambavyo kampuni ya serikali, Gécamines, ilivirithi baada ya kampuni kutaifishwa mwaka 1967. Kampuni ilitoa mshahara, nyumba, shule, matibabu na hata unga, wafanyakazi wakazoea kuiita baba na mama. Kazi ya namna hiyo hutetewa kwa hoja ya ridhaa: mtu mzima alikubali, akalipwa. Papa Leo XIII alikwisha kuikataa hoja hiyo mwaka 1891 katika Rerum Novarum, aliposhikilia kwamba makubaliano peke yake hayaufanyi mkataba kuwa wa haki. Waislamu hufika karibu na hapo kwa njia nyingine: mwili ni amana, na aliyewekewa amana hana ruhusa ya kuiuza. Tena neno hiari lenyewe hunyooshwa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitolewa kazini kwa mpango ulioitwa “kuondoka kwa hiari”, wakati kampuni ikiwa taabani na mishahara haijalipwa.

Katanga ina msamiati wake wa kulipima jambo hili. Placide Tempels, mmisionari Mfransisko, aliandika katika La philosophie bantoue (1945) kwamba kwa Wabantu kuwapo ni nguvu, na uovu ni kuipunguza nguvu ya mwingine. Kwake ndiko ilikotoka Jamaa, harakati ya kidini iliyoanza Kolwezi miaka ya 1950 miongoni mwa wafanyakazi Wakatoliki wa Union Minière na wake zao. Jamaa ilifundisha kwa Kiswahili mambo matatu: uzima, uzazi, mapendo. V. Y. Mudimbe, mwanafalsafa aliyezaliwa Likasi mwaka 1941, mji ukiitwa Jadotville, alionyesha jinsi fikra za Kiafrika zilizosimuliwa na mmisionari zinavyobeba mzigo wa ukoloni. Pingamizi hilo ni la haki. Lakini maneno hayo matatu yalitafakariwa na kufundishwa na watu wa kambi za wafanyakazi wenyewe, na yanaona kitu ambacho hoja ya ridhaa haikioni.

Ridhaa humhesabu mtu mmoja. Uzazi huwahesabu wengi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, akiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa maeneo ya migodi na viwanda Katanga. Kobalti waliyoikuta ilikuwa ya juu kuliko iliyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida popote, nayo ilikuwamo kwa watoto pia. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2020, uliwalinganisha watoto waliozaliwa Lubumbashi na kasoro za maumbile na wale waliozaliwa bila kasoro: uwezekano wa kasoro ulikuwa mara tano hivi pale baba alipofanya kazi inayohusiana na madini. Watoto waliochunguzwa hawakuwa wengi, na chanzo chenyewe hakijathibitishwa. Hata hivyo, nusu ya hoja ya ridhaa imekwisha kuanguka, maana waliopatikana na metali mwilini si wale tu waliosaini mkataba.

Neno la tatu, mapendo, Jamaa ililiweka kati ya mume na mke. Ovaroli inayofuliwa nyumbani hubeba vumbi la kazini hadi beseni la uani. Kwa kipimo hicho ridhaa ingepaswa kuombwa pia kwa mwanamke anayeifua, na kwa mimba aliyoibeba haiwezi kuombwa kabisa.